Ua wa watoto ukae wapi kwenye ramani?

SWALI: Chama chetu cha ushirika kinajenga maghorofa ya familia. Kwenye ramani, katikati ni maegesho, na sehemu ya watoto imesukumwa kona ya nyuma, karibu na mapipa ya taka. Msanifu anasema bembea mpya zinatosha. Nina wawili wadogo na roho haitulii. Nidai nini kabla msingi haujachimbwa? – *Mama wa wawili*

JIBU: Dada yangu, usiipitishe ramani hiyo. Bembea hata ziwe nzuri vipi, zikikaa mahali ambapo hakuna mtu mzima anayepaona, watoto hawatafaidi. Mtoto wa miaka minne atafika pale kwa kukatiza kati ya magari, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtu wa kimo kile. Wakubwa nao wakishaona kona imejificha wataifanya kijiwe chao, na wadogo watahamia kuchezea kwenye ngazi.

Chukua ramani, weka kidole kwenye dirisha la jikoni la kila nyumba, ujiulize: nikiwa hapa napika, naona nini? Kama ni magari matupu, dai ua uje katikati, magari yahamie pembeni, upande wa barabara. Mimi nikichora nyumba za familia huanzia hapo, hata kabla ya kuhesabu vyumba. Mjini Vienna kuna Frauen-Werk-Stadt, makazi yaliyobuniwa na wasanifu wanawake na kukamilika 1997; jikoni zake hutazama uani, mzazi anapika huku anawaona wanawe.

Angalia pia mlango wa ngazi. Ufungukie uani moja kwa moja, usifungukie njia ya magari. Na familia zenye watoto wadogo zipewe ghorofa za chini, maana ukiwa juu sana hata ukiita hawakusikii.

Wakikwambia fedha hakuna, watajie Amsterdam. Kuanzia 1947 msanifu Aldo van Eyck alibuni huko viwanja vya watoto zaidi ya 700, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki tu: shimo la mchanga, vyuma vya kupanda na kuning'inia, mawe ya zege ya kurukia. Watoto waliyamaliza mengine wenyewe.

Omba haya yaingie kwenye muhtasari wa kikao, na ramani iliyorekebishwa iletwe mbele ya wanachama wote kabla mkandarasi hajalipwa chochote.