Luku inakimbia, bati linachoma: maswali yenu na majibu

Barua nyingi za safari hii, ukizichambua, zinalalamikia joto. Kuna wanaolipia kulitengeneza, kwa pasi, heta na jiko, na kuna wanaolipia kulifukuza, kwa feni na AC. Nimejibu nilizoweza. Zile zilizouliza "ninunue sola ya kampuni gani" nimeziweka pembeni, kwa sababu mimi siuzi sola.

Tupo wapangaji wanne Tabata, luku moja. Umeme wa elfu kumi haumalizi wiki, na kila mtu anasema si yeye. Nani anakula umeme? (Mpangaji, Dar es Salaam)

Dada, nani sijui, lakini kipi naweza kukisia. Kwa bei ya matumizi ya kawaida, yaani Sh292 kwa uniti (wati 1,000 zikitumika saa moja) na juu yake VAT na tozo za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na REA, wakala wa umeme vijijini, elfu kumi inawapa kama uniti 28. Ukinunua kwa mara ya kwanza ndani ya mwezi utapata pungufu, maana tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si yenu. Tunzeni meseji za manunuzi, mkae naye mpigiane hesabu kwenye pango.

Sasa gawa uniti 28 kwa vyumba vinne. Friji la mtumba lililochoka linaweza kula uniti 2 kwa siku peke yake. Feni ya wati 60 ikilala inazunguka saa 10 ni uniti 0.6. King'amuzi ambacho hakizimwi ukutani, hata televisheni ikiwa imezimwa, kinachukua kama wati 10 mchana na usiku, na kwa mwezi hizo ni uniti 7. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa ni nusu uniti, na anayepiga pasi shati moja kila asubuhi anaipasha upya kila siku, badala ya kunyoosha nguo za wiki nzima Jumapili.

Fanyeni hivi siku mkiwa wote nyumbani. Zimeni kila kitu, friji mlichomoe, kisha simameni mbele ya mita muitazame ile taa ndogo inayopepesa. Ikiendelea kupepesa wakati hakuna kinachowaka, kuna waya unavuja au kuna mtu kajiunganishia, na hapo mwiteni fundi mwenye leseni. Ikitulia, washeni kifaa kimoja kimoja, kila chumba kwa zamu. Kadiri taa inavyopepesa kwa kasi ndivyo kifaa kinavyokula. Dakika kumi za zoezi hilo zinamaliza ugomvi ambao vikao havijaumaliza.

Hata hivyo, hasara yenu kubwa huenda iko kwenye ile mita moja. Nyumba inayotumia wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi huwekwa kwenye daraja la matumizi madogo, Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Kaya nne kwenye mita moja zinavuka 75 bila kujitahidi, zote zinaangukia bei kubwa, na yule mwenye taa mbili na simu analipa sawa na mwenye friji. Mita ndogo za kugawana zitawasaidia kujua nani katumia nini, ila bei haitashuka. Itashuka kila chumba kikipata mita yake kutoka TANESCO, na hilo lazima mwenye nyumba aridhie.

Chaja ya simu ikiachwa ukutani inakula umeme?

Kidogo mno, haifai kugombezana na watoto. Wagombezeni kwa mlango wa friji.

Najenga Chanika, nimefika kwenye linta. Nyumba ya awali ya bati ilikuwa tanuri. Nifanye nini mapema nisije nikahitaji AC? (Baba wa watoto watatu)

Kaka, umeuliza kwa wakati. Wengi huuliza rangi imeshapakwa.

Simama kwenye kiwanja saa kumi jioni uone jua liko wapi. Huku kwetu jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo paa likitokeza sentimita 60 au zaidi nje ya ukuta, kuta za kaskazini na kusini zinapata kivuli muda mrefu. Jua la jioni linakuja chini chini kutoka magharibi, halizuiliki kwa paa, na linapika ukuta mpaka usiku unapoingia kulala. Upande huo weka stoo, choo, ngazi, kitu chochote ambacho hakina kitanda. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Huko ndiko upepo wetu unakotoka: kaskazi kuanzia Desemba, kusi kuanzia Aprili. Kila chumba kipate matundu pande mbili. Upepo unaoingia bila njia ya kutokea hauingii.

Halafu dirisha lenyewe. Siku hizi kila nyumba inawekwa aluminiamu ya kusukuma. Lipime: dirisha la mita moja na nusu ukilifungua lote limefunguka nusu, kwa sababu kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine. Umelipia dirisha zima ukapata hewa ya nusu dirisha. Ya kufungua kwa bawaba au ya vioo vya kulala kama mbavu yanaachia karibu tundu lote. Wazee wa Mji Mkongwe na Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na mbao za dirisha zenye mapengo, na ukiingia mle adhuhuri unaelewa walikuwa wanajua wanachokifanya. Simwambii mtu aende akakate matumbawe, ila dari ya mita 3 na matundu ya hewa juu ya dirisha havina umri.

Bati. Najua mkeo anataka msauzi wa rangi ya makaa. Unapendeza, na unakunywa jua kuliko bati la rangi nyeupe au ya maziwa. Kama rangi ya giza haina mjadala, basi usiibane dari na bati. Acha nafasi, weka matundu yenye wavu chini ya paa na mengine juu kwenye kona za gebo, ili hewa moto ipande itoke badala ya kukaa juu ya jipsamu ikiwashukia usiku. Kati ya bati na dari unaweza kutandika lile zulia la karatasi ya fedha. Uso unaong'aa utazame mahali penye uwazi, maana ukilaliana na bati haukingi kitu.

Kama fedha haitoshi kwa yote, chagua paa kwanza. Dirisha unaweza kulibadilisha baadaye, kenchi huwezi kuzifumua.

Mkaa umepanda. Mume wangu kaleta gesi, mama mkwe anasema maharage yatamaliza mtungi. Nasikia presha kuka ya umeme nayo inakula luku. Nishike lipi? (Mama wa nyumbani, Morogoro)

Mama, kwa upande wa maharage mama mkwe yuko sahihi, na usimwambie nimesema. Kitu kinachochemka saa mbili kwenye sufuria ya kawaida kinamaliza nishati yoyote utakayokipa.

Lakini presha kuka imesingiziwa. Watu wanaona imeandikwa wati 1,000 wanaogopa, wanasahau kwamba haiwaki muda wote. Inapasha mpaka presha ijae, kisha inazima, inajigusa kidogo kidogo kulinda joto, kwa sababu sufuria yake imefungwa ndani ya ganda na mvuke hautoki. Maji ndani yake yanapita nyuzi 100, ndiyo maana maharage yanalainika haraka. Nusu kilo iliyolowekwa usiku kucha inaiva kwa chini ya nusu uniti, yaani chini ya Sh180 hata kwa ile bei kubwa. Hayo hayo ukiyabandika kwenye jiko la koili la wati 1,500 likawaka saa mbili mfululizo, umetumia uniti 3. Linganisha na mkaa wa kopo unaonunua hapo Morogoro, jibu utalipata mwenyewe.

Haisongi ugali, haichomi chapati. Hivyo ningekuwa wewe, maharage, makande, nyama ngumu na kongoro vingeenda kwenye presha. Chai, ugali, mboga za haraka na chapati vingebaki kwenye gesi. Serikali ina mkakati wa 2024 hadi 2034 wa kufikisha asilimia 80 ya kaya kwenye nishati safi ya kupikia, na kwa ninavyoona jikoni kwa watu, watakaofika ni wale wenye majiko mawili yanayogawana kazi. Presha uichomeke kwenye soketi ya ukutani, usitumie zile ekstensheni nyembamba za kuchajia simu. Zinayeyuka.

Kwa ndugu wa Mbeya, Njombe na Makete wanaosoma hapa, mkaa unaobaki mekoni usiuingize chumbani Juni na Julai kuotea moto mkiwa mmefunga madirisha. Hewa yake haina harufu, na familia hulala zisiamke.

Bwawa la Nyerere lina mashine 9, megawati 2,115. Umeme upo tele na ni wa maji. Kwa nini nibane? (Kijana, Mbeya)

Kwa sababu bili ni yako. Kisha umeme wa Rufiji unafika kwako kwa waya na transfoma ya mtaa, na transfoma hiyo kuanzia saa moja hadi saa nne usiku inabebeshwa taa, majiko na pasi za mtaa mzima. Ule umeme mdogo unaofanya feni izunguke kivivu hauponi kwa kuongeza mashine bwawani. Na maji ni mvua: mwishoni mwa 2022 ukame ulituletea mgao. Ila nakuunga mkono kwa jambo moja, kwamba kupikia umeme huo ni bora kuliko kukata msitu.

Nataka niachane kabisa na umeme wa gridi, nifunge sola ya nyumba nzima. Fundi kaniambia paneli 2 na betri moja zinatosha. (Mwalimu, Manyoni)

Mwalimu, zinatosha taa, simu, redio na televisheni ndogo. Hazitoshi friji na pasi, na fundi anayekuambia zinatosha anauza betri.

Betri ya kawaida ya volti 12 na ampia 200 ina kama uniti 2.4 ikijaa. Hiyo ya risasi na tindikali ukiizoesha kushuka chini ya nusu inakufa mapema, kwa hiyo matumizi yako salama ni uniti 1.2. Pasi moja kwa saa moja inaondoka nazo karibu zote. Ya lithiamu unaweza kuitumia kwa kina zaidi na inadumu miaka mingi zaidi, ila bei yake inauma siku ya kwanza. Betri ya gari usikubali kabisa. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini.

Paneli za jumla ya wati 1,000 huko kwenu, jua likiwa zuri, zitakupa kama uniti 4 kwa siku. Anza na orodha ya vifaa, zidisha wati kwa saa, jumlisha, ndipo umwite fundi. Na kama waya wa gridi umeshafika kwako, siuoni uharaka wa kuukata: sola ibebe taa na friji, gridi ibebe pasi. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 au 15, mvua izioshe. Vumbi la Manyoni unalijua. Kiangazi utapanda mwenyewe na kitambaa cha maji, asubuhi kabla hazijapata moto.

Shawa ya papo kwa papo inanimaliza. Tuko watano. (Nairobi)

Shawa hiyo ya kilowati 5 kwa dakika sita ni nusu uniti. Watu watano kila siku ni uniti 75 kwa mwezi kwa kuoga tu. Umeme wa Kenya sehemu kubwa unatoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo, kwa hiyo moshi si hoja hapa, mfuko ndio hoja. Kama nyumba ni yako, weka tangi la kupasha maji kwa jua juu ya paa. Kama umepanga, wekeni swichi kwenye kiwango cha chini na muoge haraka. Wa Mombasa na Dar wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, wamuulize kwanza muuzaji kuhusu mirija ya tangi hilo la jua, maana chumvi huiziba.

AC nikiiweka nyuzi 16 chumba kinapoa haraka zaidi?

Mashine ya kawaida inapoza kwa kasi ile ile, tofauti ni kwamba haijui kuacha. Weka 25, washa na feni taratibu, na uoshe kichujio. Ukikifungua ukakuta kimevaa blanketi la vumbi, umeshajua pesa inakwenda wapi.

Nipande mti gani upande wa magharibi wa nyumba?

Mwarobaini, kama hamna subira: unakua upesi na unavumilia ukame. Mwembe kama mnayo. Vyovyote iwe, usogeze mita tano au sita kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo, kwa sababu mizizi itayafuata maji yale hata ukiyajengea zege. Matawi ya chini yakateni yakikua, kivuli kibaki juu na upepo upite chini.