Ukienda Canal Saint-Martin, anza pale maji yasipoonekana

Wageni wengi wa Paris hushuka metro ya République, hutembea kidogo mpaka kwenye mfereji wa Canal Saint-Martin, hupiga picha juu ya daraja la chuma, kisha huyo, wamekwenda zao kwenye mnara wa Eiffel. Kila anayeniuliza namwambia asifanye hivyo. Nenda Jumapili asubuhi, shukia Bastille, na uanze kutembea mahali ambapo mfereji upo lakini huuoni.

Mfereji huu una urefu wa takriban kilomita 4.5, na karibu nusu yake umefichwa chini ya ardhi. Ulipofunguliwa mwaka 1825 haukuwa hivyo. Ni katika enzi ya Napoleon III ndipo Haussmann, afisa aliyesimamia ujenzi mpya wa Paris, alipoufunika upande wa kusini na kupitisha Boulevard Richard-Lenoir juu yake. Kabla ya hapo, kila watu wa mitaa ya mashariki walipoasi, maji yale yaliwazuia askari kuwafikia.

Siku hizi juu ya paa hilo kuna soko la Bastille, kila Alhamisi na Jumapili. Samaki wamelazwa juu ya barafu, kuku wanachomwa huku wakizunguka, wauza jibini wanakukatia kipande uonje kwanza. Nunua chakula chako cha mchana hapa hapa, maana mikahawa ya kando ya maji hujaa na bei zake si za mchezo. Kisha fuata bustani iliyo katikati ya barabara kuelekea kaskazini. Utaona matundu ya duara yaliyozungushiwa uzio: hayo ndiyo madirisha ya mfereji. Ukipita chini kwa boti, mwanga wa jua huteremka kupitia matundu hayo na kusimama majini kama nguzo.

Maji yanajitokeza karibu na Rue du Faubourg du Temple, na hapo ndipo utakapokutana na malango ya kwanza ya kupandishia boti katika matembezi haya. Tafadhali, hapa usiwe na haraka. Kutoka mto Seine hadi bwawa la La Villette boti hupanda mita 25, na kazi hiyo hufanywa na vyumba tisa vya malango. Boti huingia, malango mazito hufungwa nyuma yake, maji hufunguliwa kutoka juu yakaja yakichemka povu, na polepole unaona vichwa vya abiria vikitokeza, kisha mabega, mpaka mnatazamana uso kwa uso. Watoto hupunga mikono. Wazee wa mtaa, ambao bila shaka wameliona jambo hili maelfu ya mara, nao husimama kutazama. Mimi sijawahi kulichoka.

Mbele kidogo kuna madaraja mawili yanayozunguka. Boti ikija, magari husimamishwa na barabara nzima hugeuka pembeni kuipisha. Simama juu ya daraja la miguu lililo jirani, utaona kila kitu.

Jumapili magari hayaruhusiwi kwenye Quai de Valmy na Quai de Jemmapes, ndiyo maana naisisitiza siku hiyo. Familia hutoka na baiskeli, vijana hukaa ukingoni miguu ikining'inia juu ya maji, na mtu akipiga gitaa hakuna anayemfukuza. Ila duka la mikate la Du Pain et des Idées, lililoko Rue Yves Toudic, hufungwa Jumamosi na Jumapili. Ukilitaka hilo, rudi siku ya kazi.

Ukiwa umekaa pale ukingoni, kumbuka kwamba mfereji huu ulichimbwa kwa ajili ya kiu. Napoleon wa kwanza, Bonaparte, aliuamuru mwaka 1802 ili jiji lipate maji safi kutoka mto Ourcq, na gharama zikalipiwa kwa kodi ya mvinyo. Ulikaribia kupotea pia: katika miaka ya 1960 kulikuwa na mpango wa kuufunika wote na kupitisha barabara kuu ya magari. Nashukuru sana kwamba mpango huo ulikataliwa.

Basi takataka zako ondoka nazo. Kila baada ya miaka kumi au kumi na mitano mfereji hukaushwa ili usafishwe, na mwaka 2016 tope lilipojitokeza lilikuwa limejaa chupa na baiskeli. Inauma kuona mahali pazuri namna hii pakigeuzwa jalala.

Ukiwa na nguvu, endelea hadi La Villette, ambako mfereji unapanuka kuwa bwawa kubwa na majira ya joto watu huogelea bure sehemu iliyotengwa. Kama miguu imechoka, panda boti inayoteremka kurudi Bastille. Safari huchukua kama saa mbili na nusu, na mwezi Julai au Agosti ni vyema kukata tiketi mapema. Chukua na sweta, kwani kule chini ya Boulevard Richard-Lenoir kuna baridi hata jua likiwa kali.