Mwanangu hanisemeshi tangu nilipozidisha ukali

SWALI: Mimi ni mama wa kijana wa miaka 16 aliye kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Nairobi. Alama zake ziliposhuka muhula uliopita nilimnyang'anya simu, nikaanza kukagua madaftari yake kila jioni, na nikikasirika humwambia kwamba ananiaibisha mbele ya ukoo baada ya karo yote niliyomlipia. Baba yake, ambaye hurudi usiku, humkubalia karibu kila kitu. Sasa kijana hanisemeshi, hufoka kwa jambo dogo, na alama hazijapanda. Je, kosa ni ukali wangu au ulegevu wa baba yake?

JIBU: Mama, umeyaita ukali mambo matatu ambayo sisi washauri huyatenganisha. Kuchukua simu na kukagua madaftari ni kudhibiti mwenendo wa kijana, ilhali kumtwika aibu ya ukoo mzima, hata akaanza kuamini kwamba upendo wako unategemea ripoti ya shule, ni kudhibiti moyo wake. Tafiti nyingi za vijana zimeona kwamba udhibiti wa mwenendo, ukiwa wa kiasi, huambatana na nidhamu, na kwamba udhibiti wa moyo huambatana na huzuni, wasiwasi na hasira. Kwa hiyo, katika yote uliyoyaeleza, maneno hayo ya aibu ndiyo yanayonitia hofu zaidi.

Kuhusu baba yake, mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alieleza katika miaka ya 1960 malezi ya aina tatu: ya kimabavu, ya kuachilia, na yale ambayo mzazi husimamia sheria zake huku akizieleza na kumsikiliza mtoto. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin walizipanga aina hizo kwa vipimo viwili, yaani kiasi ambacho mzazi anadai na kiasi ambacho anaitikia mahitaji ya mtoto, wakaongeza ya nne, ya mzazi asiyefanya lolote kati ya hayo. Kwa vipimo hivyo, wewe umeshika kudai, mume wako ameshika kuitikia, na kijana hapati yote mawili kwa mtu mmoja. Ni kweli kwamba tafiti za Marekani zenyewe zilionyesha kuwa uhusiano wa malezi na alama haulingani katika jamii zote, na ni kweli pia kwamba alama zinaposhuka mzazi naye huzidi kuwa mkali. Sikusemi kana kwamba wewe ndiye uliyeanzisha kila kitu.

Hasira unayoiona ina sababu zake. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kujizuia na kupanga mambo, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na kijana hujifunza kuitumia kwa kupewa maamuzi madogo na kuachiwa abebe matokeo yake. Ukikagua daftari kila jioni, kazi ya kukumbuka na kujipangia inakuwa yako, naye anabaki na kazi ya kukukwepa. Wasiwasi nao huchukua nafasi ile ile ya akili ambayo mwanafunzi huihitaji kushikilia hatua za hesabu, ndiyo maana mtoto aliyesoma kwa hofu anaweza kukaa na kitabu saa mbili na asitoke na kitu.

Kimya chake kinakugharimu kuliko unavyodhani. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliofanya utafiti wao Uswidi, walionyesha kwamba yale ambayo wazazi wanayajua kuhusu maisha ya vijana wao hutokana zaidi na vijana kusimulia kwa hiari kuliko na wazazi kupeleleza.

Anza kwa kumwomba radhi kwa maneno ya aibu, bila kuongeza "lakini". Kisha kaeni na mume wako, hata kama ni Jumapili pekee, mkubaliane sheria chache ambazo nyote wawili mtazisimamia. Ningependekeza arudishiwe simu na iwe inalala sebuleni kuanzia saa tatu usiku, na kwamba daftari mlitazame mara moja kwa wiki, yeye akikueleza alichokwama nacho na mwalimu wa kumwendea. Msiguse karo wala ukoo katika mazungumzo hayo. Mpeni muhula mzima kabla ya kupima alama, kwa kuwa mazungumzo hurudi kwanza. Hata hivyo, akikosa usingizi au hamu ya chakula kwa zaidi ya majuma mawili, mwone mwalimu wa ushauri nasaha shuleni au daktari. Na akitamka lolote kuhusu kufa, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Simu ya watoto ya 116 nayo hupigwa bila malipo, mchana na usiku, na mzazi pia anaweza kuipiga.