Mbingu na dunia zimejaa utukutu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha muziki darasa la kwanza, kuna siku niliacha kinanda nikapita katikati ya madawati huku watoto wakiimba "Mtakatifu". Walikuwa 46. Kwa mbali ilisikika vizuri tu. Nilipofika dawati la dirishani nikamsikia binti mmoja, macho juu, mikono ameifumbata, anaimba kwa uchaji kabisa: "Mbingu na dunia zimejaa utukutu wako." Nikamsogelea jirani yake. Naye utukutu. Nikasimamisha wimbo nikauliza, "Nani anajua utukufu ni nini?" Kimya. "Na utukutu?" Mikono ikapanda darasa zima, na wengine wakaanza kutajana majina.

Nilicheka, lakini aibu ilikuwa yangu. Wimbo ule tulikuwa nao wiki ya sita. Wiki zote hizo nilikuwa nimekaa nyuma ya kinanda nikikigonga kama niko na kwaya ya wakubwa, na mwenye kinanda kikubwa hasikii kitu.

Nawaandikia wale walioingia kazi hii kwa mlango nilioingilia mimi. Unapiga kinanda parokiani, Sista mkuu wa shule ya jirani anakusubiri nje baada ya Misa: "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Wewe si ndiye unapiga kinanda? Njoo utufundishie na watoto." Unaitikia milele amina, na Jumatatu uko mbele ya darasa. Hujasomea watoto. Unachojua ni sauti nne, nyimbo za Pasaka na jinsi ya kumnyamazisha mwimbaji wa sauti ya tatu anayeimba kuliko wenzake. Kwa mtoto wa miaka sita, karibu hayo yote hayakusaidii.

Jambo nililochelewa kulijua ni kwamba watoto wetu hawaji shuleni bila muziki. Wanao, tena mwingi, ila umekaa kooni. Asubuhi wanakimbia mchakamchaka: mmoja anarusha, wenzake wanadaka, na anayesifiwa ni yule ambaye mishipa ya shingo imemtoka. Mgeni akiingia darasani, "Shikamoo" inaimbwa mpaka bati linatetemeka. Halafu sisi walimu tunamalizia kwa sentensi iliyoharibu sauti nyingi kuliko mafua: "Sijawasikia! Imbeni kwa nguvu!"

Sipingani na mchakamchaka. Ndiko walikojifunza kuitikia kwa wakati bila mtu kuwahesabia, na kwaya nyingi za wakubwa ninazozijua zingefaidika na mbio hizo. Nilichofanya ni kuzipa sauti majina. Ipo sauti ya mchakamchaka, ipo sauti ya kanisani, na ipo sauti ya kumwimbia mtoto mchanga aliyelala. Tunaimba mstari mmoja kwa sauti zote tatu, nao ndio wanaosema ipi ni ipi. Baada ya majuma mawili hukuwa na haja ya kumwambia mtu asipige kelele. Unasema tu, "Kuna mtoto amelala."

Mwezi huohuo Sista aliniita ofisini. "Mwalimu, mbona siku hizi siwasikii wanaimba?" Nikamwomba aje akae nao dawati moja. Alikaa dakika kumi, akaondoka bila kusema kitu. Hakunipongeza, lakini hakuniuliza tena.

Tatizo la pili nililileta mwenyewe. Mimi ni besi, sauti ya nne, ile nzito ya chini. Nikitoa noti kwa sauti yangu, mtoto anajitahidi kunifuata huko chini, hafiki, anabaki ananguruma kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Miezi mingi nilidhani nimepewa darasa la wasio na sikio, kumbe walikuwa wananiiga mimi. Sauti ya mtoto wa umri huo inakaa kwa raha kuanzia ile re iliyo juu ya do ya katikati ya kinanda hadi la iliyo juu yake. Humo ndimo wimbo wake unatakiwa kutembea zaidi. Nyimbo tulizozoea zimeshushwa ili akina baba wa sauti ya nne wapumue, kwa hiyo zipandishe. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kubadili ufunguo, yaani kimo cha wimbo mzima, huhitaji kuwa fundi. Na kama wewe ni mwanamume, tafuta mtoto mwenye sauti safi awe ndiye anayetoa noti. Kwangu alikuwa binti wa mpishi wa shule, mwoga wa kuzungumza, lakini so yake haikuyumba.

Kuhusu sauti mbili, tatu, nne: acha. Mwaka ule wa kwanza niliwapanga darasa la tatu kwa sauti mbili kwa ajili ya ujio wa Askofu. Sauti ya pili walihamia ya kwanza kabla hatujamaliza ubeti, na waliobaki walikuwa wawili, wananitazama kwa huruma.

Siku hizi kipindi kinaanza kwa hodi. Nasimama mlangoni naimba "ho-di", so kisha mi. Ni mruko uleule wa muuza maandazi akipita mtaani, na uleule wa mtoto aliye nje anayemwita mama yake ndani. Darasa linajibu "ka-ri-bu", so so mi. Kisha naita majina kwa tuni hiyo, kila mtoto anajibu peke yake "ni-po". Mahudhurio yanachukua dakika nne, na katika dakika nne nimemsikia kila mmoja bila yeye kujua kwamba amepimwa. Walimu wa Hungaria waliofuata mawazo ya mtunzi wao Zoltán Kodály nao huanzia kwenye so na mi, kisha wanaongeza la. Mimi sikuanza kwa kumfuata mtu. Niliyasikia kwa muuza maandazi, nikaja kusoma baadaye kwamba kumbe wenzetu walishafika.

Katika hao 46, sita au saba watanguruma hata ukipandisha ufunguo. Usimwambie yeyote kati yao, "Wewe fungua mdomo tu, usitoe sauti." Niliwahi kumwambia mmoja, siku moja kabla ya Askofu. Alitii. Akaendelea kutii miaka miwili.

Kilichokuja kuwasaidia watoto wa namna hiyo ni mlima. Shule yetu ipo Morogoro, na dirishani Uluguru yote iko mbele yako. Tunanyoosha kidole, tunaanza stendi ya Msamvu kwa sauti ya chini kabisa, "uuu", tunaupanda mlima kwa kidole na sauti pamoja bila kukata, tukifika Morningside tunapumzika, kisha tunateremka. Mtoto anayenguruma huwa hajui kwamba ana sauti ya juu. Akipanda mlima anaikuta, na uso wake unabadilika, kama aliyekuta sarafu mfukoni mwa sweta la mwaka jana. Ukiona uso huo, usimsifu sana. Mwambie apande tena, asije akasahau njia.

Ya utukutu niliyatibu kwa kugeuza utaratibu: maneno kwanza, tuni baadaye. Tunasema mstari, tunaupigia makofi, tunaulizana maana. Ile M ya "Mtakatifu" ni silabi nzima, lazima ipate nafasi yake, la sivyo wataimba "takatifu" mpaka kipaimara. Na maana msiitoe kwenye kamusi. Nilipowauliza tufananishe utukufu na nini, mmoja alisema ni kama jua likitokea nyuma ya mlima, unataka kuliangalia na huwezi. Nimesikia mahubiri marefu yasiyofika hapo.

Doremi wanaipenda kwa sababu ya hadithi yake. Katika karne ya 11 mtawa Mbenediktini, Guido wa Arezzo, alichoshwa na waimbaji wanaokariri miaka na miaka bila kuweza kusoma wimbo mgeni. Akauchukua utenzi wa Kilatini wa Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya kwanza kila kimoja huanza noti moja juu ya kilichotangulia, akazikamata silabi za mwanzo: ut, re, mi, fa, sol, la. Ut ikaja kubadilishwa kuwa do. Utenzi wenyewe unaomba midomo itakaswe ili sauti za waimbaji zifunguke, kwa hiyo nawasimulia Zakaria, baba yake Yohane, aliyebaki bubu mpaka mtoto alipopewa jina. Tunakuwa Zakaria kwa dakika moja, darasa zima kimya. Nakiri dakika hiyo naihitaji mimi kuliko wao.

Mistari ya nota tunaisoma mkononi. Nyoosha kiganja cha kushoto ubavu, vidole ni mistari mitano, uwazi kati yake ni nafasi nne. Kwa kidole cha mkono wa kulia unagusa, wao wanaimba. Hakiibiwi, hakisahauliki nyumbani, wala hakihitaji bajeti. Daftari la muziki sikuligusa kabla ya darasa la tatu.

Vyombo tunatengeneza: vizibo vya soda vilivyotobolewa na kupitishiwa waya, mbegu ndani ya chupa za maji. Ushauri wangu ni vyombo vitano kwa darasa, vipokezwe. Siku niliyompa kila mtoto chake ilikuwa mvua ya mawe juu ya bati, na mwalimu wa hisabati wa darasa la jirani hajanisamehe.

Watakuja pia watoto wasio Wakatoliki, maana mji wetu ni wa mchanganyiko na shule za masista wazazi wanazipenda bila kujali dini. Kipindi cha muziki changu hakina nyimbo za Misa peke yake; hodi, mlima na doremi havina dhehebu. Nyimbo za ibada nilizungumza na wazazi kabla, na asiyetaka mwanawe aimbe "Utukufu" hakulazimika kueleza. Mtoto aliyeshika tuni haraka kuliko wote niliowahi kuwafundisha alitoka madrasa jioni na kuja kwetu asubuhi. Mtoto aliyezoea kusikiliza aya mpaka aikamate moyoni, kwake ubeti mmoja ni kazi ya asubuhi moja.

Shinikizo lenyewe litatoka kwa wakubwa. Mahafali, siku ya wazazi, sikukuu ya mtakatifu somo wa shule: kila tukio linataka wimbo mpya wenye kucheza, na simu zimeinuliwa kurekodi. Mimi nilipatana na shule wimbo mpya mmoja kwa mwezi, basi. Na kwa Misa ya watoto nilijifunza kwenda kwa paroko na karatasi mkononi. Vatikani ilitoa Maelekezo ya Misa pamoja na Watoto tarehe 1 Novemba 1973, na yanasema vyombo vinafaa sana hasa vikipigwa na watoto wenyewe, na kwamba kimya nacho kina nafasi yake. Paroko wetu alitaka kwaya kubwa ije "kuwasaidia". Alisoma, akakuna kidevu, akasema tujaribu.

Muhula ninaoupenda ni ule unaoangukia Kwaresima. Hakuna "Utukufu" Dominika, hakuna Aleluya, na vyombo vinaruhusiwa kusindikiza sauti tu, visipigwe peke yake. Walimu wengi wanaona ukame. Mimi nafunika kinanda kabisa kwa kitambaa cha zambarau. Kabla ya Jumatano ya Majivu tunaandika Aleluya kwenye karatasi, kila mtoto anaipaka rangi, tunazifungia katika sanduku la viatu na kulipandisha juu ya kabati. Lipo hapo, wanaliona kila kipindi, na anayeteleza kuimba neno hilo wenzake wanaruka naye kabla yangu. Wiki zote hizo tunaimba kwa sikio tupu. Naanzisha noti moja, wanaendelea, mwisho wa ubeti nagusa kinanda chini ya kitambaa tuone tumeshuka kiasi gani. Huwa wanashuka. Kila mwaka wanashuka, na kila mwaka wanakasirika upya.

Mwaka juzi, Misa ya kufungua muhula, umeme ulikatika katikati ya wimbo wa matoleo. Kinanda kikazima, feni zikazima. Watoto hawakugeuka hata kunitazama, wakaingia ubeti wa pili kama vile hakuna kilichotokea. Ubeti wa tatu umeme ukarudi, nami kwa furaha nikadaka wimbo palepale kwenye ufunguo wa G nilipouacha. Wao walikuwa wameshateremka hadi F na kitu. Ilisikika vibaya mpaka nyuma ya kanisa. Binti wa mpishi aligeuka, akanitazama jicho moja tu. Nikazima kinanda.