Saab, Citroën, Subaru: ni nini hasa kinachopotea chapa ndogo ya magari ikikua

Wakuu, swali lililo mezani ni kama kampuni ndogo ya magari, ile yenye mambo yake ya kipekee, hupoteza asili ikianza kumuuzia kila mtu. Wengi wamejibu ndiyo na lawama zote wamezibebesha mauzo: gari likipendwa na wengi, basi linakuwa la kawaida. Nakubali kwamba asili hupotea. Sikubali kwamba mauzo ndiyo sababu, na tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayetafuta gari la aina hii, maana inabadilisha mahali pa kuangalia kabla ya kulipa.

Tazama magari yenyewe. Mini ya mwaka 1959, kazi ya Alec Issigonis, ilikuwa na urefu wa mita 3.05, magurudumu ya inchi 10, injini iliyokaa kwa upana na giaboksi iliyowekwa ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ikilainishwa na oili ileile ya injini. Badala ya springi za chuma ilibeba koni za mpira. Iliundwa hadi mwaka 2000 na zikatoka zaidi ya milioni 5. Citroën 2CV ilidumu kuanzia 1948 hadi 1990 ikapita milioni 3. Hayo yalikuwa magari ya watu wote, na hakuna kilichopungua ndani yake kwa sababu ya kununuliwa sana.

Kinachoua ni platifomu ya kuazima, yaani msingi wa gari ulioundwa na kampuni nyingine. Platifomu si sakafu tu. Ndani yake kuna mambo ambayo mbunifu hawezi tena kuyagusa: injini ikae kwa urefu au kwa upana, ukuta wa kati ya injini na dereva uwe wapi, mikono ya sospensheni ishikwe sehemu gani, usukani ushuke kwa pembe gani, nyaya na kompyuta zizungumze lugha ipi. Ukishapokea hayo kutoka kwa mwenzako, mikononi mwako kunabaki grili, taa, viti na dashibodi.

Saab ndiyo inayofundisha zaidi, kwa hiyo nakaa hapo kidogo. Haikuwahi kuwa chapa ya umati, ila asili yake ilipotea vilevile. Chukua 900 ya kwanza, iliyotoka 1978. Injini yake imelala nyuzi 45 na imewekwa kinyumenyume: klachi inatazama rejeta, giaboksi iko chini ya injini, na nguvu inashushwa kwa cheni. Mtu anayeiona mara ya kwanza hudhani ni ukaidi, mpaka siku ya kubadili klachi. Kwenye magari mengi kazi hiyo ni kushusha giaboksi. Kwenye 900 unafungua boneti na kutoa kifuniko cha klachi. Mwenzako anakanyaga pedali, wewe unapachika ringi ya kuizuia springi ya klachi ibaki imebanwa, kisha unachomoa shafti kwa upande wa mbele. Unafungua bolti 3 za silinda ya klachi na 6 za presha pleti, na vyote vinatoka juu kwa pamoja. Injini haijasogea hata kidogo.

Kosa la kawaida kwenye kazi hiyo ni kubadili diski na kuiacha silinda ya zamani. Silinda hiyo imekaa katikati ya klachi, imeizunguka shafti. Ikianza kuvuja, fluidi inaloweka diski mpya, klachi inateleza, na unairudia kazi nzima. Badilisha vyote kwa mara moja.

Mwaka 1990 General Motors ilichukua nusu ya Saab Automobile, na mwaka 2000 ikaichukua yote. 900 mpya iliyoingia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijengwa juu ya platifomu ya jamaa za Opel Vectra (Opel nayo ilikuwa ya General Motors). Injini ikageuzwa ikakaa kwa upana, mikono miwili ya sospensheni ya mbele ikaondoka na nafasi yake ikashikwa na strati za kawaida, na ule mpango wa klachi ukafa siku hiyohiyo. Ufunguo wa kuwashia, ambao Saab iliuweka katikati ya viti, ulibaki. Miaka kadhaa baadaye ufunguo huohuo wa katikati uliwekwa kwenye 9-7X, ambayo chini ni Chevrolet TrailBlazer. Kwangu mimi hapo ndipo alama ilipoachana na sababu yake. Ufunguo wa kati ulikuwa na maana kwa sababu uliifunga giaboksi yenyewe na kuliondoa kwenye usukani jambo linaloweza kuumiza goti wakati wa ajali. Ukiuhamishia kwenye gari la mtu mwingine ili wateja walitambue, umebakiza pambo.

Tuwatendee haki mafundi wa Saab, kwani walikilinda walichoachiwa. Injini za turbo za silinda nne za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 ni zao, zikiongozwa na mfumo wao wa kompyuta wa Trionic, ambao unausoma mkondo wa ioni kupitia ncha ya plagi ili kujua kama silinda inagonga au haikuchoma vizuri. Ndiyo maana gari hilo halitaki plagi za kubahatisha: weka zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu, la sivyo kompyuta itasoma uongo na kupunguza nguvu. Kaseti ya kuwashia inayokaa juu ya plagi ikichoka, gari linaanza kukohoa au linazima bila dalili ndefu. Anayesafiri mbali nalo hubeba kaseti ya akiba.

Citroën ilienda njia nyingine, na ndiyo inayonifanya nisiseme kwamba kumilikiwa na mkubwa ni kifo moja kwa moja. Peugeot ilianza kuishika katikati ya miaka ya 1970, lakini sospensheni ya fluidi na gesi iliyoanza kuvuma na DS ya 1955 iliendelea: BX mwaka 1982, XM mwaka 1989, Xantia mwaka 1993. Platifomu ya BX ilitumika baadaye kuundia Peugeot 405, na mpangilio huo ndio ulioiokoa. Citroën ndiyo iliyoanza, kwa hiyo pampu, mabomba na matufe yalipangiwa nafasi tangu mwanzo, na Peugeot ikaweka springi zake pale ilipotaka. C5 ya 2001 ilitenga breki kutoka kwenye mfumo huo, na katika miaka ya 2010 mfumo wenyewe ukaachwa. Kuanzia 2018, C4 Cactus ilikuwa na shokapu za kawaida zenye vizuizi vya oili mwishoni mwa safari ya juu na ya chini. Ni kazi ya uaminifu na barabara mbovu inatulizwa vizuri, ila gari halijiinui lenyewe ukilipakia mzigo.

Anayetaka BX au Xantia aelewe kwanza matufe. Kila gurudumu lina tufe la chuma lenye nitrojeni upande mmoja na fluidi upande mwingine, vikitenganishwa na kiwambo cha mpira. Nitrojeni hupenya kiwambo polepole kadiri miaka inavyopita. Washa injini, acha gari liinuke, kisha kandamiza kila kona kwa uzito wako. Inatakiwa izame na kurudi kwa ulaini. Kona iliyokataa kabisa kuzama, tufe lake limekwisha, na gari litatembea kama mkokoteni. Kuna tufe jingine la akiba ya presha karibu na pampu. Regyuleta (valvu ya kudhibiti presha) huikata pampu presha ikifika takriban bar 170 na kuianzisha tena ikishuka takriban bar 145, na kila mara unasikia mlio mdogo wa "tik". Ukiusikia kila baada ya sekunde chache huku gari limesimama tu, tufe hilo limekufa au kuna mvujo ndani. Wakati wa kubadili, zima injini, weka lever ya kimo chini kabisa, fungua skrubu ya kutolea presha kwenye regyuleta, legeza tufe kwa spana ya cheni, paka sili mpya fluidi ya mfumo na ulikaze tufe kwa mkono tu. Fluidi ni LHM ya kijani, oili maalumu ya mfumo huu. Ukimimina ya breki za kawaida, sili zote zitaharibika, kuanzia pampu hadi breki, na uharibifu huo hausafishiki.

Jambo moja watu hulibebesha biashara bila haki ni sheria. Injini za viharusi viwili ambazo Saab ilianza nazo ziliondoka kwa sababu ya moshi. Boneti nyembamba za chini ziliondoka Ulaya kwa sababu ya kanuni za kumlinda mtembea kwa miguu. Hakuna mwenye hisa aliyeamua hayo.

Sasa Subaru, ambako maombolezo ni mengi. Milango isiyo na fremu ya kioo imeondoka kwenye aina zake za kawaida tangu mwishoni mwa miaka ya 2000. Vigari vyake vidogo vya injini ya sisi 660 iliacha kuviunda yenyewe mwaka 2012. Mngurumo ule wa kudundadunda umepungua. Hili la mlio naomba tuliseme wazi. Ulitokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana, hivyo mapigo ya silinda yalifika kwenye turbo kwa kupishana vibaya. Legacy ya Japani ya 2003 ilipopewa mabomba yanayolingana na turbo yenye njia mbili, nguvu ilianza kuja mapema zaidi na mlio ukapotea. Anayeulilia ana haki ya kuupenda, lakini injini iliboreshwa. Cha msingi hakijatoka: injini ya bapa (silinda zake zimelala kushoto na kulia) imekaa kwa urefu mbele, giaboksi nyuma yake kwenye mstari mmoja, na nguvu kwenda magurudumu yote manne. Toyota ilipotaka gari dogo la michezo, ndiyo iliyokuja kwa Subaru: 86 na BRZ za 2012 zina injini ya bapa na ziliundwa kwenye kiwanda cha Subaru huko Gunma. Vivyo hivyo Mazda: MX-5 ya 2015, yenye uzito wa takriban tani moja, ndiyo iliyoazimwa kuunda Fiat 124 Spider ya 2016, siyo kinyume chake.

Smart sihitaji kuirefusha. Ilianza 1998 na urefu wa mita 2.50 na injini nyuma. Smart #1 ya 2022, iliyojengwa juu ya platifomu ya Geely, ina mita 4.27. Jina ndilo lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kununua, ingia chini ya gari. Uliza injini imekaaje, nani mwingine anatumia mikono ileile ya sospensheni, na nani alitangulia kuiunda. Kisha kagua ugonjwa wa kipindi husika. Saab 9-3 na 9-5 za 1998 hadi 2003 zenye silinda nne huziba kwa tope la oili: shusha sampu, safisha chujio la kufyonzea, hakikisha mabomba ya kupumulia injini yamebadilishwa kwa yale yaliyoboreshwa, kisha tumia oili ya sintetiki kamili na usivuke kilomita 8,000. Taa ya oili ikipepesa injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, usiendeshe tena mpaka sampu ishuke.

Subaru zenye EJ25 (injini ya lita 2.5) ya kemshafti moja kila upande huvuja gasketi ya silinda hedi kwa nje, chini pembeni mwa injini. Zile za kemshafti mbili za awali huvuja kwa ndani, unaona mapovu kwenye tanki la akiba la maji na joto kupanda safarini. Dawa ni gasketi za tabaka za chuma na hedi kusawazishwa mashine, siyo gasketi pekee. Halafu zungusha gari polepole kwenye sehemu kavu, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Likishtukashtuka kama limeshikwa breki, kapulingi ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, imekufa kwenye manyuo, au klachi ya kugawa nguvu imekwama kwenye otomatiki. Kabla hujakubali bei ya giaboksi, pima tairi kwa futi ya kamba: mzunguko wa zote nne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi, sawa na tofauti ya milimita moja tu ya kina cha meno. Tairi moja mpya pamoja na tatu zilizochakaa inatosha kuuchosha mfumo huo.