Maswali ya Wasomaji: Upasuaji wa Kupangwa Ufanyike Lini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 29. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji kwa sababu alitanguliza matako, na safari hii nimeshauriwa nijifungue kwa njia hiyo hiyo. Hedhi yangu ya mwisho ilianza tarehe 10 Januari, na huwa naipata kila baada ya siku 28 bila kuruka. Ultrasaundi ya kwanza nilifanyiwa tarehe 22 Agosti, na majibu yakaonyesha kwamba tarehe ya matazamio ni 6 Oktoba. Nimepangiwa upasuaji tarehe 28 Septemba kwa maelezo kwamba nitakuwa katika wiki ya 39, na mama mkwe ameshakata tiketi ya basi kutoka Tanga aje kunisaidia. Jirani yangu alipasuliwa mapema na mtoto wake akawekwa kwenye oksijeni kwa siku tatu. Je, wiki moja mbele au nyuma ina tofauti yoyote? Mama mtarajiwa, Kigamboni.

JIBU: Marahaba, mama. Tofauti ipo, na umefanya vyema kuniandikia pamoja na tarehe zako, kwa maana jibu lote limo ndani ya tarehe hizo.

Tuhesabu pamoja. Tarehe ya matazamio hupatikana kwa kuhesabu siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ukianzia tarehe 10 Januari siku hizo zinaishia tarehe 17 Oktoba. Kwa hesabu hiyo utatimiza wiki 37 tarehe 26 Septemba, wiki 38 tarehe 3 Oktoba na wiki 39 tarehe 10 Oktoba. Siku uliyopangiwa upasuaji utakuwa na wiki 37 na siku mbili tu. Ultrasaundi, kwa upande wake, inakupa wiki 38 na siku sita siku hiyo hiyo, na bila shaka hapo ndipo yalipotoka maneno "wiki ya 39".

Maneno hayo yenyewe ni mtego. Aliye katika wiki ya 39 ametimiza wiki 38, kama vile mtoto aliye katika mwaka wake wa tatu bado hajafikisha miaka mitatu. Miongozo ya Uingereza na ya Marekani inayosema kwamba upasuaji wa kupangwa usifanyike kabla ya wiki 39, pasipo sababu ya kitabibu, inakusudia wiki 39 zilizokwisha kutimia. Kwa hiyo hata kama ultrasaundi yako ingekuwa sahihi kabisa, siku moja ingekuwa bado imepungua, ingawa nisingegombana na mtu kwa ajili ya siku moja.

Lakini ultrasaundi ya mwezi Agosti haiwezi kuaminiwa kuliko hedhi yako. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote hukua karibu kwa kasi moja, hivyo kipimo cha urefu kutoka kichwani hadi makalioni hutaja umri wa mimba kwa kukosea wiki moja hivi au pungufu. Kuanzia mwezi wa saba kila mtoto hufuata maumbile ya kwao, mmoja akawa mnene kama baba yake na mwingine mwembamba, na kwa kuwa mashine hukisia umri kwa kuangalia ukubwa, inaweza kukosea hadi wiki tatu mbele au nyuma. Mtoto mkubwa husomwa kama mtoto aliyekomaa, na hayo ni mambo mawili tofauti. Tarehe zako mbili zimepishana kwa siku 11, pengo lililo ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo cha wakati huo, na mama anayeijua hedhi yake kwa uhakika kama wewe hapaswi kubadilishiwa tarehe kwa pengo hilo. Ningesema vingine kama ungekuwa umeshika mimba ukiwa bado unanyonyesha na hujaiona hedhi, au mara tu baada ya kuacha sindano za uzazi wa mpango, kwani hapo hedhi haina ushahidi wa kutosha. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Faida yake kubwa ni tarehe, si kujua jinsia. (Nikiwa hapo, niseme kwamba mabibi zetu waliohesabu miezi tisa kwa vidole hawakuwa mbali na ukweli: kutoka 10 Januari hadi 10 Oktoba ni siku 273, yaani wiki 39 barabara.)

Sasa kuhusu mtoto wa jirani. Tumboni mtoto havuti hewa, na mapafu yake yamejaa majimaji ambayo mapafu yenyewe huyatengeneza. Siku za mwisho za mimba, na hasa uchungu unapoanza, homoni za mtoto mwenyewe huyageuza mapafu kazi: badala ya kutoa majimaji, yanaanza kuyanyonya na kuyarudisha kwenye damu. Wengi huamini kwamba majimaji hukamuliwa mtoto anapopita njiani. Kukamuliwa kupo, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanywa na homoni hizo, na mtoto anayetolewa kabla ya uchungu kuanza huzikosa. Akitolewa mapema zaidi, huenda pia ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinatane ukawa haujatosha. Matokeo yake ni mtoto mwenye kilo tatu na nusu, mzuri wa kutazama, anayehema kama aliyekimbia mbio.

Takwimu ziko wazi. Katika utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2008, uliohusu zaidi ya watoto 34,000, waliozaliwa kwa upasuaji wa kupangwa katika wiki 37 walipata matatizo ya kupumua kwa asilimia 10, katika wiki 38 asilimia 5.1, na katika wiki 39 asilimia 2.1. Mwaka uliofuata utafiti wa Marekani uliangalia wanawake 13,258 waliokuwa na kovu la upasuaji wa awali kama wewe, ukajumlisha matatizo ya kupumua, sukari kushuka, maambukizi na kulazwa wodi ya uangalizi maalumu. Watoto waliopata mojawapo ya hayo walikuwa asilimia 15.3 katika wiki 37, asilimia 11 katika wiki 38 na asilimia 8 katika wiki 39. Hizo ni hospitali zenye mashine za kusaidia kupumua na wauguzi wa kutosha. Pale ambapo mtungi wa oksijeni ni mmoja na watoto ni wanne, nadhani sababu ya kusubiri ina uzito zaidi.

Baadhi ya kina mama huambiwa wasiwe na wasiwasi kwa kuwa watachomwa sindano za kukomaza mapafu. Sindano hizo ni tiba nzuri kwa mtoto anayetishia kuzaliwa njiti, na Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kati ya wiki 24 na 34 pale masharti yanapotimia. Kuzitumia ili kuhalalisha tarehe iliyowekwa mapema bila sababu ni jambo lingine, maana zinaweza pia kumshusha sukari mtoto mchanga, na wiki mbili za kusubiri hazigharimu dawa yoyote.

Kusubiri nako kuna upande wake, na sitakuficha. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi hushikwa na uchungu kabla ya kufika wiki 39, na wewe una kovu kwenye mfuko wa uzazi. Kwa hiyo uwe na begi lililofungwa, usafiri wa usiku unaojulikana, na usilale mbali na hospitali kuanzia mwisho wa Septemba. Ukitoka pwani ya Kigamboni, swali la kivuko au daraja lijibiwe mapema. Uchungu, maji kuvunjika au damu kutoka ni safari ya hapo hapo. Rudi kliniki wiki hii na kadi yako, onyesha tarehe ya hedhi, na muulize daktari wako kwa heshima: "Tarehe hii imehesabiwa kwa kipimo kipi, na ipo sababu ya kitabibu ya kutosubiri hadi tarehe 10 Oktoba?" Ikiwa sababu ipo, atakueleza na umsikilize. Ikiwa sababu ni ratiba ya chumba cha upasuaji, omba siku nyingine. Tiketi ya mama mkwe itasogezwa.

SWALI: Assalaam aleikum, daktari. Mke wangu ametimiza wiki 37. Presha yake imekuwa 150 kwa 100 na mkojo una protini. Daktari anataka azalishwe wiki hii. Dada yangu anasema mtoto hakomai hadi wiki 39, na wazee wanataka tungoje. Tufuate lipi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Msingoje. Niliyoyaandika hapo juu yanahusu mama mzima mwenye mtoto mzima. Mkeo ana presha ya mimba yenye protini, hali ambayo inaweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba ndani ya saa chache, na ambayo haianzi kupoa mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke. Ikishagunduliwa katika wiki 37 au zaidi, ushauri ni kuzalisha. Hatari ya mtoto kuhema kwa siku mbili ni ndogo ukiilinganisha na ya mama kuvuja damu ubongoni au kondo kubanduka.

Jambo moja tu ningewaomba mlithibitishe: kuzalishwa si lazima kuwe kupasuliwa. Kama hana kovu, mtoto ametanguliza kichwa na hali imetulia, mara nyingi uchungu huanzishwa kwa dawa. Muulizeni daktari kwa nini amechagua njia aliyoichagua, huku mkiwa mmeshafika hospitali. Zipo hali nyingine ambazo wiki 39 si zake, kama kondo lililoziba mlango wa uzazi, mapacha wanaotumia kondo moja, na mama mwenye virusi vya UKIMWI ambaye wingi wa virusi katika damu yake haujashuka.

SWALI: Daktari mwanangu, mjukuu wangu alizaliwa jana kwa upasuaji wa kupangwa, wiki 38. Anahema sana, wamemwekea oksijeni, na hanyonyi. Majirani wanasema mtoto wa miezi saba huishi, wa minane haishi. Je, atapona? Na mapafu yake yatakuwa mabovu maisha yote? Bibi, Mbeya.

JIBU: Shikamoo, mama. Maneno ya majirani yasikutishe. Hayana ukweli wowote, kwani kila wiki anayoongeza mtoto tumboni kuelekea wiki 39 humpa nguvu zaidi, na mjukuu wako aliivuka miezi minane zamani.

Kuhema kwa namna hiyo mara nyingi ni yale majimaji yaliyochelewa kunyonywa, na huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Muuguzi atakuwa anakuja na saa, anafunua kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto mchanga hupumua kati ya mara 30 na 60. Waulize wanapohesabu. Zikitoka 76 asubuhi zikawa 64 jioni, mambo yanakwenda vizuri. Zikipanda, au mtoto akianza kuguna kila anapotoa pumzi, watatafuta sababu nyingine kama maambukizi, na huenda wakaanza dawa. Asiponyonya sasa ni kwa usalama wake, maana mtoto anayehema mno huweza kupaliwa. Mkamwana wako akamue maziwa ya mwanzo, yale mazito ya njano, kila baada ya saa tatu hivi, ili apewe kwa mrija au kikombe na ili maziwa yasikauke. Pumzi zikishuka, aombe kumlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Wengi wa watoto hawa hutoka bila kovu lolote kwenye mapafu.

Mkifika nyumbani, watoto wa wiki 37 na 38 huwa wavivu wa kunyonya na huwahi kupata manjano, kwa hiyo aamshwe anyonye kila baada ya saa mbili au tatu hata kama amelala fofofo. Viganja na nyayo zikiwa za njano, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwotesha jua la asubuhi barazani si tiba ya manjano ya kiwango hicho, na baridi ya Mbeya hataiweza.