Mkuu, hiyo ndoo moja haijapima kitu

Usichimbe kwanza! Umeandika kwamba kiwanja kipo Shinyanga, udongo wa mbuga (ule mfinyanzi mweusi), umemwaga ndoo moja kwenye kishimo kiangazi hiki, maji yakaisha ndani ya dakika kumi, na fundi kakwambia shimo la kufyonza maji ya karo (tangi la majitaka ya choo) litafaa. Unauliza ulijengee kwa tofali au mawe. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikalipa.

Mbuga ikikauka inapasuka. Maji yako yamekimbilia kwenye nyufa, hayajapita kwenye udongo wenyewe. Mvua ikishanyesha ule mfinyanzi unavimba, nyufa zinajifunga, maji hayana pa kwenda. Kwangu, mvua zilipokolea maji ya choo yalirudi juu yakatapakaa uani, watoto wanacheza humo humo. Gari la kunyonya likawa halikauki mlangoni, na kila likija ni hela. Mwishowe nikachimba upya upande wa juu, kwenye udongo wa kichanga. Fundi aliyenihakikishia simu hapokei mpaka leo. Anayelipwa kuchimba hawezi kuwa ndiye anayekupimia udongo! Inaniuma kuona mwingine anapelekwa njia ile ile.

Lowesha leo, pima kesho. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kina chake nacho 30, ila kianzie chini, usawa ambao maji ya karo yatatokea, maana udongo wa juu una mizizi na matundu ya wadudu. Kwangua kuta zake, kwa sababu jembe linausiliba mfinyanzi na kuziba vitundu. Jaza maji, acha yalale humo. Kwa mbuga ningeacha saa 24 na kuongeza kila yanapopungua.

Kesho yake jaza tena. Yakishuka robo, anza kuhesabu muda, simama yakibaki robo. Hapo yameshuka milimita 150. Gawa sekunde zako kwa 150. Uingereza, kwa mitaro ya kufyonzea majitaka, wanataka jibu liwe kati ya 12 na 100, yaani kati ya nusu saa na saa 4 na dakika 10. Jibu likizidi 100 udongo haunyonyi vya kutosha. Likiwa chini ya 12, uchafu unawahi kufika kwenye maji ya visima kabla haujachujwa. Rudia mara tatu, kwenye vishimo visivyopungua viwili.

Ukishapata hizo namba zilete hapa kabla hujampa fundi hata shilingi.